Jalada Lililolowa Hukauka

Katika vikao vya kujenga jengo nyeti la serikali kuna mahali ambapo mazungumzo huganda. Mhandisi amekunjua mchoro wa dari, ameonyesha mabomba ya maji yanayopita juu ya masijala ya siri na chumba cha seva, na kabla hajamaliza, mtu wa usalama ameshanyosha mkono. Maji? Juu ya majalada? Juu ya mitambo? Waliokaa mezani wanatikisa vichwa kumuunga mkono. Kikao kikiisha, mabomba yamekomea koridoni, masijala imepewa mitungi miwili myekundu ya kutundika ukutani, chumba cha seva kimepewa gesi, na mlango umeongezewa kitasa cha kadi. Watu wanaagana wakiamini kwamba siri za nchi zimelindwa.

Hazijalindwa. Nimekaa upande wa mabomba katika vikao vya namna hiyo kwa muda wa kutosha kujua kwamba kauli hii huonekana utovu wa adabu mbele ya watu waliobeba dhamana ya usalama. Lakini jambo lenyewe ni zito mno kulimeza kwa ajili ya staha. Jengo linalokataa maji ndani halijayakwepa maji. Limeyaahirisha, na siku yatakapokuja yatakuja kwa mpira mnene, yakiongozwa na watu ambao hakuna aliyewapekua, na yatakuta sehemu kubwa ya kilichofichwa imeshakuwa jivu.

Nianze na hofu ya karatasi kuloa, na nianze nayo kwa heshima, kwa kuwa walioitetea kabla yetu walikuwa watu wenye ujuzi na wenye mapenzi na kazi yao. Mwaka 1956, huko Overland, kitongoji cha St. Louis nchini Marekani, lilikamilika jengo la ghorofa sita la kutunzia kumbukumbu za utumishi wa wanajeshi. Miongoni mwa wasanifu wake alikuwa Minoru Yamasaki, yuleyule aliyekuja kusanifu minara miwili ya New York. Watunza nyaraka wa Marekani wa wakati ule walikuwa wakibishana vikali kuhusu vinyunyizio vya dari, ambavyo mafundi wetu wanaviita springla. Wako waliovitaka. Wako walioogopa kwamba bomba litavuja, au springla itafyatuka bure usiku, na asubuhi karatasi za miaka mingi zitakutwa zimelowa. Walioogopa maji wakashinda. Maghala yale yakajengwa bila springla na bila kuta za kukata moto, huku kila ghorofa ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 200, na maboksi ya karatasi yamepangwa safu kwa safu.

Tarehe 12 Julai 1973, saa sita na dakika 16 usiku, moto uliripotiwa katika ghorofa ya juu. Wazima moto wa kwanza walifika baada ya dakika 4 na sekunde 20. Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayeijua foleni ya jioni ataelewa kwa nini naomba aisome tena hiyo sentensi. Dakika nne! Hatuna mji hata mmoja katika ukanda wetu ambao mpangaji makini angethubutu kuahidi hivyo. Na bado, pamoja na kasi hiyo na vikosi vya wilaya 42 za zimamoto vilivyoitwa, moto uliwaka zaidi ya siku nne. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea. Kwa wanajeshi wa nchi kavu walioacha utumishi kati ya 1912 na 1960, kama asilimia 80 ya kumbukumbu zao zilipotea. Nakala hazikuwepo, wala filamu ndogo za kunakili kurasa, wala faharasa ya kuonyesha kilichokuwemo.

Sasa tazama yale maji waliyoyaogopa. Yaliingia vilevile, tena kwa wingi ambao hakuna springla ingeweza kuufikia: mipira ilimwaga kwa siku kadhaa, ghorofa za chini zikafurika, maelfu ya maboksi yakalowa chapachapa. Wakayafanyaje? Waliyatia katika kreti za plastiki za kubebea maziwa, wakayapeleka kwenye chumba cha ombwe cha kampuni ya McDonnell Douglas kilichotengenezwa kwa ajili ya majaribio ya vyombo vya anga, kreti 2,000 kwa mkupuo. Kila mkupuo ulitoa maji ya kama tani 8. Kwa kazi hiyo na nyingine zilizofuata, majalada milioni 6 na nusu hivi yaliokolewa, mengine yameungua pembeni, mengine yana madoa, lakini yanasomeka. Yaliyolowa yalikauka. Yaliyoungua hakuna chumba cha ombwe duniani kitakachoyarudisha. Leo kanuni za serikali ya Marekani zinadai springla katika maghala ya nyaraka za taifa. Ubishi wa watunza nyaraka uliamuliwa na majivu.

Hofu hii inadumu kwa sababu wengi wetu tumeijua springla kupitia filamu: mtu anawasha kiberiti chooni, na dari ya jengo zima inafungua mvua. Springla ya ofisini haifanyi hivyo. Mdomoni mwake kuna kichupa cha kioo chenye kimiminika, kwa kawaida chekundu, kinachopasuka joto linapofika nyuzi 68 za Selsiasi. Moshi haukipasui. Kengele haikipasui. Kikipasuka kimoja, maji yanatoka hapo kilipo, na dari iliyobaki inakaa kavu. Anayedhani adui atachoma gazeti karibu na mlango ili kuyalowesha majalada ya upande wa pili wa jengo hajapata kukishika kichupa hicho mkononi.

Tupige hesabu kidogo, maana katika hesabu ndipo hofu inapoyeyuka. Springla ya kawaida hutoa kama lita 80 kwa dakika mgandamizo ukiwa baa 1. Ikifanya kazi dakika kumi, ni lita 800, yaani mapipa manne ya yale ya lita 200. Mpira mmoja wa zimamoto hutoa lita 500 kwa dakika bila shida, na hauji peke yake. Tarehe 20 Novemba 1992, Kasri la Windsor nchini Uingereza, jengo linalolindwa na askari usiku na mchana, lilishika moto kutokana na taa iliyounguza pazia katika kanisa dogo la ndani. Springla hazikuwepo. Moto ulidumu saa 15, vyumba 115 vikaharibika, na maji yaliyomwagwa yalifika galoni milioni 1.5, karibu lita milioni 7. Weka lita milioni 7 kando ya mapipa manne, kisha uniambie ni nani hasa anayezipenda karatasi zake.

Kwa masijala yenye nyaraka zisizoweza kupatikana tena upo mpangilio mwingine, na nashangaa kila mara kwamba watu wa usalama hawaupokei kwa shangwe, kwa kuwa unafanana na kazi yao. Mabomba yanakaa makavu, yamejazwa hewa. Maji yanazuiwa na vali nje ya chumba. Ili yafike kwenye karatasi, mambo mawili lazima yatokee: kitambua moshi kitoe ishara, na kichupa kipasuke kwa joto. Fundi akigonga springla kwa ngazi, hewa inatoka, kengele inalia, maji hayaji. Kitambua moshi kikidanganywa na vumbi, maji yanasogea lakini hayatoki. Ni kasha la fedha lenye funguo mbili mikononi mwa watu wawili. Askari yeyote aliyewahi kulinda ghala la silaha anaielewa kanuni hiyo kabla hujamaliza kuieleza.

Nije kwenye gesi, kwa kuwa ndiyo inayopendekezwa kama dawa ya kila kitu. Kwa miaka mingi watu wa mitambo walitegemea gesi ya haloni, hadi Mkataba wa Montreal ulipokomesha utengenezaji wake katika nchi tajiri mwishoni mwa 1993 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Zilizoirithi ni gesi nyingine za kemikali, na michanganyiko ya naitrojeni na agoni inayopunguza oksijeni chumbani mpaka moto ushindwe kupumua. Zinafanya kazi. Sisemi vingine, na katika chumba cha seva nitaziweka mwenyewe kama mkono wa kwanza. Ninachokataa ni kuziweka kama mkono pekee.

Gesi inataka chumba kisichovuja. Kwa kawaida mbunifu hudai ikae humo kwa dakika 10 bila kushuka kiwango. Siku ya makabidhiano chumba kinapimwa, kinafaulu, cheti kinatundikwa. Miezi miwili baadaye anakuja fundi wa intaneti, anatoboa tundu la waya juu ya dari, anaondoka bila kuliziba. Hakuna atakayejua mpaka usiku gesi itakapotoka na kupita kwenye tundu hilo. Na mitungi ikishatoka imetoka; moto ukirudi baada ya dakika ishirini hautakuta kitu. Kabonidayoksaidi ina balaa lake la ziada: kiwango cha asilimia 34 kinachozima moto kinamuua pia mlinzi aliyekuwemo chumbani. Hata usafi wa gesi una mipaka. Septemba 2016, katika kituo cha data cha benki ya ING mjini Bucharest, kelele ya gesi iliyokuwa ikitoka kwa kasi wakati wa jaribio, bila moto wowote, ilivuruga diski za kompyuta na huduma za benki zikakatika kwa saa nyingi.

Halafu kuna Daejeon. Tarehe 26 Septemba 2025, katika kituo cha taifa cha rasilimali za taarifa cha Korea Kusini, betri za lithiamu za kuhifadhi umeme wa dharura zilishika moto katika ghorofa ya tano wakati mafundi wanazishughulikia ili zihamishwe mbali na seva. Hicho si kijiwe cha intaneti. Ni moyo wa serikali ya nchi iliyo miongoni mwa zinazoongoza dunia kwa huduma za mtandao, na ulinzi wake ni wa daraja la juu. Wazima moto walijikuta wakisita kumwaga maji mengi kwa kuhofia seva. Moto ukachukua karibu saa 22. Mifumo 709 ya serikali ilisimama, na hifadhi ya pamoja ya nyaraka za watumishi wa umma, terabaiti 858, ikapotea kwa kuwa haikuwa na nakala mahali pengine. Betri ya lithiamu iliyochachamaa huwezi kuituliza kwa kuinyima hewa. Joto lake linatoka tumboni mwake. Inataka kupozwa, na hatuna kipoza kinachoyazidi maji kwa bei wala kwa nguvu: kilo moja tu ikigeuka mvuke inabeba kilojuli 2,257 za joto. Betri zilizotolewa katika jengo lile zilitumbukizwa kwenye matangi ya maji uani. Maji yalikuwa jibu tangu mwanzo, yakapewa nafasi mwisho.

Hapo nimewajibu watu wa karatasi na watu wa mitambo. Wenye usalama wana hoja yao nyingine, na ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote. Wanasema: jengo la siri lina thamani kwa sababu watu wachache wanalijua. Kila bomba linaleta fundi, kila fundi ana macho, na kila tundu kwenye ukuta ni njia ya sauti kutoka. Bora tubaki na kuta nene, milango michache na walinzi wengi.

Waliobaki hivyo wapo, na tunajua yaliyowapata. Tarehe 26 Agosti 1977 moto ulizuka katika ghorofa ya nane ya ubalozi wa Marekani mjini Moscow, ukapanda juu ambako ndiko kulikokuwa na ofisi nyeti kabisa. Fikiria njia panda aliyosimama balozi Malcolm Toon usiku ule: kuacha jengo liungue, au kuwafungulia wazima moto wa nchi ileile ambayo kuta zile zilikusudiwa kuificha siri. Waliingia, na Wamarekani hawakuwa na shaka kwamba miongoni mwa waliovaa kofia za zimamoto walikuwemo maofisa wa KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti. Machi 1991 jengo hilohilo likawaka tena, na kwa mara nyingine maofisa wa Marekani walieleza kwamba waliokuja kuzima hawakuwa wazima moto peke yao.

Hili ndilo ninalotaka mtu wa usalama alale nalo. Kuna mzima moto mmoja tu anayeweza kukaa ndani ya masijala ya siri miaka hamsini bila kusoma ukurasa mmoja, bila kusimulia nyumbani, bila kuhongwa, na akaamka ndani ya dakika chache moto unapoanza. Ni kile kichupa cha kioo darini. Ukimwondoa, umewapa kazi yake watu kumi au ishirini usiowajua, watakaoingia gizani na mashoka, huku kila droo na kila kabati likiwa wazi mbele yao. Hakuna atakayewapekua wakitoka. Mashine ya kukagua mizigo pale getini itakuwa imezimwa na umeme uliokatwa.

Kuhusu mafundi na matundu, majibu yapo na si ya kubuni. Vali, vipimo na koki za majaribio hukaa nje ya ukuta wa eneo la siri, na ndizo sehemu zinazoguswa mara kwa mara; ndani panabaki bomba na vichupa, vinavyokaguliwa kwa macho mara moja kwa mwaka mbele ya mwenyeji. Bomba la chuma linapovuka ukuta wa chumba cha mazungumzo nyeti, huunganishwa kipande kisichopitisha umeme ili lisigeuke waya wa kubeba ishara, na tundu linazibwa kwa dawa inayostahimili moto. Katika mahabusu na vyumba vya ulinzi mkali zinafungwa springla zilizozama darini, ambazo mtu hawezi kujinyongea wala kuzing'oa akatengeneza silaha. Watu wa kazi hii wameshayawaza hayo. Wanachokosa ni kusikilizwa kabla mchoro haujapigwa mhuri.

Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili upya. Baada ya milipuko ya 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, sote tulijifunza kuliogopa gari lenye bomu, na tulikuwa na haki ya kuogopa. Majengo nyeti yakasogezwa mbali na barabara, nguzo za zege zikapandwa mbele ya milango, mageti yakapindishwa ili gari lisije kwa kasi, madirisha yakawekewa vioo visivyovunjika. Sasa simama nje ya jengo kama hilo kwa macho ya dereva wa zimamoto. Gari lake la tani nyingi litapitaje kwenye geti lililopindishwa? Ngazi yake itafika wapi ikiwa jengo liko mita thelathini kutoka mahali anaporuhusiwa kusimama? Kioo kilichotengenezwa kustahimili bomu hakivunjwi kwa shoka, kwa hiyo moshi hautoki na joto linabaki ndani likipika kila kitu. Kila hatua tuliyoongeza dhidi ya bomu imeongeza dakika kwa zimamoto. Sipendekezi kuing'oa hata nguzo moja. Nasema kwamba anayejenga ngome lazima aweke kisima ndani ya ngome, na wazee waliojenga ngome za pwani yetu walilijua hilo.

Na ndani ya ngome kuna watu. Tarehe 7 Desemba 2021 gereza la Gitega nchini Burundi liliwaka alfajiri. Serikali ilitangaza vifo vya wafungwa 38, katika gereza lililojengwa kwa watu 400 na lililokuwa limejaza zaidi ya 1,500. Miaka tisa kabla, huko Comayagua nchini Honduras, wafungwa zaidi ya 350 walikufa usiku mmoja wakilia waletewe funguo. Wapo wanaosema milango ikifunguka yenyewe wakati wa moto, mfungwa au jasusi atachoma godoro ili atoke. Basi milango ifunguke kuelekea uani, ndani ya uzio wa pili, ambako mtu anapona moshi lakini hapati uhuru. Na springla juu ya godoro hilo inanunua muda wa mlinzi kutafuta ufunguo bila kutetemeka. Sitaendelea zaidi kuhusu magereza. Yanastahili makala yao.

Wapinzani wangu wana karata moja iliyobaki, nami sitaificha. Watasema: Cape Town. Tarehe 2 Januari 2022 Bunge la Afrika Kusini liliungua, na lilikuwa na springla. Kweli kabisa. Vali ya maji ilikuwa imefungwa. Waziri aliyehusika na majengo ya umma, Patricia de Lille, alilisema hilo mwenyewe. Kamera zilimnasa mtu ndani ya eneo la Bunge usiku ule, na waliopaswa kuzitazama hawakumwona mpaka asubuhi. Ukumbi wa Bunge ukateketea.

Mtu anayetoa mfano huo kupinga springla anaushika upande usio wake. Koki iliyofungwa ni mlango ulioachwa wazi usiku. Hakuna aliyewahi kupendekeza tuachane na milango kwa sababu mlinzi alisahau kufunga. Tena jengo la ulinzi mkali ndilo mahali pazuri kuliko pote pa kuilinda koki. Kuna watu zamu zote tatu. Kuna chumba cha kamera. Kuna kitabu cha doria kinachosainiwa kila saa. Swichi ndogo inafungwa kwenye gurudumu la vali, na mtu akilizungusha hata nusu duara, taa inawaka katika chumba cha ulinzi. Mlinzi anayeandika kila usiku kwamba geti la nyuma limefungwa aandike pia kwamba vali kuu iko wazi na mshale wa mgandamizo uko palepale. Hiyo ni dakika mbili. Tatizo ni kwamba tumewafundisha walinzi kuwatazama binadamu tu, na koki tumeiacha kwa fundi bomba anayeitwa choo kikiziba.

Zipo pia hoja za umaskini: maji ya bomba ni ya mgawo, umeme unakatika, pampu zitakufa. Hizi ni hoja za watu wanaoijua nchi yao, nami nazijibu kwa tangi. Kwa eneo la ofisi la hatari ndogo, kipimo kinachotumika sana ni milimita 4.1 za maji kwa dakika juu ya mita za mraba 139, ambazo ni kama lita 570 kwa dakika. Kwa nusu saa ni lita 17,000 na ushee, chini ya maboza mawili ya lita 10,000. Masijala yenye rafu ndefu itahitaji zaidi, pengine mara kadhaa zaidi, na pampu ya dizeli isiyotegemea gridi ni gharama. Lakini linganisha na marumaru za ukumbi wa mapokezi! Tukiweza kumudu marumaru na ukuta wa zege, tangi la chini ya ardhi halitushindi. Kule Johannesburg, Septemba 2018, jengo la Bank of Lisbon lililotumiwa na idara za serikali ya jimbo la Gauteng liliwaka, na wazima moto watatu walikufa. Ukaguzi uliofanyika siku chache kabla ulikuwa umelipa asilimia 21 ya kutimiza masharti ya usalama, wakati kiwango kinachotakiwa ni 85. Mwaka uliofuata likabomolewa kwa baruti. Nani alifanya akiba hapo?

Tanzania inajenga sasa. Wizara zimehamia Mtumba, Dodoma, na majengo yake yatakaa na majalada ya wajukuu zetu. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tunayo tangu 2007, na ramani hupelekwa kukaguliwa. Ninachoomba ni kwamba ofisa wa zimamoto aitwe siku ya kwanza, pale penseli inapochora ukuta wa masijala, akae kiti kimoja na mtu wa usalama, na wote wawili waulizwe swali moja: moto ukianza humu saa nane usiku, na geti limefungwa, ni nani wa kwanza kuufikia? Kama jibu ni gari kutoka mjini, mchoro urudi mezani.

Maana siri za dola ni sehemu ndogo ya kilichomo katika masijala zile. Kilichojaa humo ni watu: barua ya ajira ya mwalimu, cheti cha ndoa cha askari, hati ya kiwanja cha mama mjane. Waulize wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977, waliozunguka miongo mizima wakidai mafao yao, uzito wa karatasi moja yenye mhuri.

St. Louis walihamia jengo jipya mwaka 2011, na humo bado kuna wafanyakazi ambao kazi yao ni yale majalada ya 1973. Wanavaa glavu, wanafungua kurasa zilizoungua kingo, wanafuta masizi, wanapiga picha maandishi yaliyofifia ili yasomeke tena. Barua zinaingia kila siku kutoka kwa wazee na wajane wanaotafuta uthibitisho kwamba mtu fulani alitumikia jeshi. Katika jeshi la anga, majalada yaliyopotea ni ya waliofuata baada ya jina Hubbard kwa mpangilio wa alfabeti. Mjane wa mtu aliyeitwa Adams anaweza kupata jalada zima la mumewe. Mjane wa mtu aliyeitwa Jones anapata barua inayomweleza kuhusu moto.